Dola 500 za kwanza za visu vya mfukoni: uziweke wapi?

Nina daftari la shule ambamo nimeandika kila kisu cha mfukoni nilichonunua tangu mwaka 2019: jina, tarehe, bei, gharama ya posta. Mwezi uliopita nilikaa nikajumlisha. Visu 31, dola 2,140 za Marekani, vinoo na mafuta yakiwemo. Jumla yenyewe niliitarajia. Kilichoniumiza ni ukurasa wa tatu na wa nne: visu 14 vya kati ya dola 30 na 80, kila kimoja na ukoo wake, vilivyokula dola 728 kidogo kidogo. Hakuna hata kimoja ninachofungua droo ili nikitazame. Sebenza, kisu kimoja cha dola 475 nilichokisitia wiki nne kabla ya kulipa, sijakijutia hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoelewa pesa za mkusanyaji zinapopotelea. Kisu cha bei kubwa unakisoma, unakiuliza, unalala nacho kichwani. Cha dola 45 unakibofya saa tano usiku, na wiki ijayo unabofya kingine. Kwa hiyo kabla hujauliza kisu kipi ni kizuri, jiulize unakusanya nini hasa. Dola 500 zilezile zinaweza kukupa mikusanyo isiyofanana hata kidogo, na hapa chini naiweka bega kwa bega ili uchague. Bei ni za Marekani, ninakoishi. Ukiagizia Dar es Salaam au Mombasa, ongeza usafiri na ushuru kwanza.

Opinel na Victorinox

Visu hivi viwili huuzwa kwa bei zinazokaribiana, na mara nyingi hukaa kwenye kabati moja la kioo dukani. Kwa mkusanyaji, lakini, kimoja kina mwisho na kingine hakina.

Opinel ni kisu cha wakulima wa Savoie, upande wa Ufaransa wa milima ya Alps. Joseph Opinel alikiunda mwaka 1890, na mwaka 1897 akakipanga kwa ukubwa kuanzia namba 1 hadi 12. Namba 1 na 11 ziliachwa baadaye, zikabaki kumi: kutoka Na. 2, ambayo kengee yake (chuma chenyewe chenye makali) ina sentimita 3.5, hadi Na. 12 yenye kengee ya sentimita 12. Na. 8, ile inayopendwa zaidi, ni karibu dola 20. Ndogo zinashuka hapo, kubwa zinapanda kidogo, na safu nzima ya kumi unaipata kwa takriban dola 200. Ukishaikamilisha, umemaliza. Katika mapenzi haya ni vitu vichache sana vinavyokuambia umemaliza, na kwa mtu anayeishi kwa mshahara hilo ni jambo kubwa.

Mpini ni wa mbao, na kwenye shingo kuna pete ya chuma inayozungushwa ili kengee isijifunge ikakukata vidole. Pete hiyo ilibuniwa mwaka 1955 na inapatikana kuanzia Na. 6, wadogo zake hawana. Udhaifu wa Opinel ni maji. Mbao ikilowa inavimba na kengee inang'ang'ania ndani, na zile za chuma cha kaboni hushika kutu upesi zisipokaushwa vizuri. Nilimpelekea kaka yangu aliyeko Tanga Na. 8 ya kaboni. Baada ya miezi miwili hewa ya chumvi ilikuwa imeshaitia madoa ya kahawia mpaka kwenye ncha. Anayeishi pwani achague iliyopigwa mhuri wa INOX, isiyoshika kutu. Tofauti ya bei ni ndogo mno kuwa sababu.

Victorinox ilianzia Ibach, Uswisi, mwaka 1884, kwenye karakana ya Karl Elsener, aliyeanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu mwaka 1891. Kisu cha maofisa, mzazi wa hivi vyekundu vyenye msalaba mweupe, alikisajili mwaka 1897. Leo Classic SD ya milimita 58, yenye kengee ndogo, mkasi na tupa ya kucha, ni karibu dola 25. Spartan ya milimita 91 ni karibu dola 40. SwissChamp, kile kinene kinachojaza kiganja, kinapita dola 100. Ukishuka bei ubora haushuki. Unacholipia zaidi ni idadi ya zana.

Kwa matumizi ya kila siku sijaona kinachokishinda. Ule mkasi mdogo umekata kucha za mwanangu, nyuzi za sketi, pakiti za unga na kamba za mabegi ya safari. Lakini kama kitu cha kukusanya kinanitia wasiwasi, kwa sababu matoleo hayaishi. Kila mwaka inatoka rangi mpya ya mipini ya alumini kwa visu vya ukubwa wa aina tatu, na anayetaka zote anajikuta analipa kila mwaka kama anayelipia king'amuzi. Akiacha mwaka mmoja, safu ina pengo, na pengo hilo atakuja kuliziba kwa bei ya mtu mwingine.

Hukumu yangu: kwa kutembea nacho, Victorinox, kwa kukusanya, Opinel. Safu nzima ya Opinel pamoja na Spartan moja ni kama dola 240, na nusu ya bajeti bado iko mfukoni.

Wenzangu mlioko Uingereza mna jambo la ziada la kupima. Sheria ya mwaka 1988 inakuruhusu kutembea, bila kutakiwa kutoa sababu, na kisu cha kukunja kisicho na kufuli na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Spartan inapita. Opinel Na. 5 inapita. Na. 8, kwa ajili ya pete ile ile inayoilinda mikono yako, ni ya kubaki nyumbani isipokuwa una sababu ya msingi. Na popote ulipo, kwenye ndege visu vyote viende kwenye mzigo wa chini. Usisahau kile kidogo kilichoning'inia kwenye funguo.

Okapi na Douk-Douk

Hapa ndipo ningetamani wasomaji wa Kiswahili wakae kidogo. Kila mkusanyaji ninayekutana naye anajua Opinel, lakini Okapi wanakiita kisu cha bei ya chini na kupita.

Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Koloni moja kati ya hayo ilikuwa na Tanganyika ndani yake. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Wambuti walikuwa wakimjua tangu enzi za babu zao. Miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko visu vipya vinakotoka. Mpini ni mwembamba wa mbao, umenakshiwa nyota na mwezi kwa madini, na mgongoni kuna pete ya kuvuta ili kufuli iachie.

Babu yangu, Muheza, alikuwa na kisu kimoja tu cha namna hii maisha yake yote. Alikifungua taratibu, meno ya kufuli yakilia kre, kre, kre, kisha akamenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, akalikata kichwa na kukukabidhi ulifyonze. Alikinoa kwenye kizingiti cha saruji cha mlango wa uani. Alipofariki kengee ilikuwa imebaki nyembamba kama jani la mchaichai. Nilipokiona kisu kama kile kwa dola 10 kwenye duka la vifaa vya kambi, sikuuliza chuma chake ni cha aina gani.

Weka pembeni yake Douk-Douk, cha mji wa Thiers, Ufaransa, kinachotengenezwa na Cognet tangu mwaka 1929. Mpini wake ni bati moja la chuma lililokunjwa, basi, hakuna mbao wala mfupa. Kilikusudiwa wateja wa visiwa vya Pasifiki lakini kikaenea sana Algeria na majirani zake, na lipo toleo linaloitwa El Baraka, jina lisilohitaji mkalimani kwetu. Bei ni kama dola 30.

Kwa ufundi, Douk-Douk kinashinda: springi yake ina nguvu, kinafunga kwa mlio mmoja mkavu, na kengee yake nyembamba inakamata makali baada ya kupita kinoo mara chache. Okapi kipya kinakuja na mpini usiosuguliwa vizuri na makali ambayo lazima uyatie mwenyewe. Lakini viwili hivi kwa pamoja ni dola 40, na vinafungua mkusanyo ambao wachache wanaufanya: visu vilivyozaliwa Ulaya vikapata makao mikononi mwa Waafrika. Okapi za zamani, zile za Solingen, bado ziko majumbani kwetu, kwenye makopo ya misumari na mikoba ya wazee. Ukienda likizo, uliza. Na ukipewa, usiing'arishe kwa msasa. Rangi ile nyeusi ya chuma cha kale ndiyo umri wake.

Case na GEC

Sasa tunaingia kwenye visu vya kusomwa. W. R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, inajulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19, na tangu mwaka 1993 inamilikiwa na Zippo, majirani zake wa mji huohuo. Kipya chenye mpini wa mfupa kinauzwa kati ya dola 70 na 100. Mfupa huo, kwa taarifa yako, ni wa muundi wa ng'ombe wa nundu kutoka Brazili, jamaa wa hawa tunaowafuga sisi, na huchongwa vijishimo kwa mashine kisha ukatiwa rangi.

Uzuri wa Case ni kwamba kila kisu kinajieleza. Fungua kengee, tazama shina lake karibu na kiungo. Ukikuta namba 6254, soma hivi: 6 ni mfupa uliochongwa, 2 ni idadi ya kengee, na 54 ni umbo linaloitwa Trapper. Ikiwa 3254, umbo ni lilelile ila mpini ni wa plastiki ya njano. 5254, ni pembe ya paa. Kisha geuza upande wa pili. Kuanzia mwaka 1970 Case walipiga nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka wakaondoa moja. Kwa hiyo nukta nne ni mwaka 1976, nukta moja ni 1979. Mwaka 1980 wakaanza upya na kumi, safari hii herufi S ikiwa imechorwa kama radi ili usichanganye.

Nakumbuka Jumapili ya kwanza nilipofundishwa hili, kwenye soko la vitu vya kale hapa Erie. Mzee mmoja muuzaji aliniwekea Trapper kiganjani, akanipa kioo cha kukuzia na kuniambia nihesabu. Nilihesabu nukta saba. Mwaka 1973, mwaka aliozaliwa mama yangu. Nililipa dola 85 bila kuomba apunguze, na ndicho kisu pekee nilichokiwekea kitambaa chake.

Lakini elimu hiyohiyo inatumiwa na walaghai. Mwaka uliofuata nililipa dola 190 kwa kisu kilichoelezwa kuwa cha kabla ya 1965, chenye mhuri wa CASE XX bila maneno mengine. Mhuri ulikuwa wa kweli. Kengee ilikuwa imehamishwa kutoka kisu kingine kilichovunjika. Ningejua kama ningetazama mambo mawili: msumari wa kiungo ulikuwa mpya na unang'aa kuliko madini yaliyouzunguka, na shina la kengee lilikuwa jembamba kuliko nafasi yake, mwanga ukipenya pembeni. Nilikiuza kama vipuri kwa dola 50. Tangu hapo, cha zaidi ya dola 100 sikinunui kwa picha. Nataka nikifungue mwenyewe, nisikie kinavyolia kikifunga, nikiinue kwenye mwanga. Tazama pia upana wa kengee: iliyonolewa miaka hamsini huwa imeliwa, na bei yake haiwezi kuwa ya ile iliyokaa sandukuni.

Great Eastern Cutlery, GEC kwa kifupi, iko Titusville, si mbali na Bradford, na ilianzishwa mwaka 2006. Inatengeneza visu vya mtindo wa zamani kwa chuma cha kaboni, kwa mafungu madogo, kila kisu kwenye mkebe wa karatasi wa mviringo. Ufundi wake, kwa jicho langu, unaizidi Case mpya: mfupa na madini vinakutana bila ukucha kuhisi mpaka. Bei ya duka ni kati ya dola 100 na 150. Shida ni kwamba fungu linaweza kuisha siku lilipotoka, na kesho yake visu vilevile vinatokea kwa wachuuzi vikiwa vimeongezwa bei hata maradufu.

Nikipima mawili haya, namshauri anayeanza achukue Case za miaka ya 1970. Nimeziona mara nyingi kati ya dola 60 na 120, zina hadithi unayoweza kuithibitisha mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, na lengo la nukta kumi lina mwisho, kama safu ya Opinel: kisu kimoja kwa kila mwaka wa muongo ule. Kwa GEC, nunua kimoja kwa bei ya duka ukibahatika. Kwa mchuuzi, kataa. Anayelipa maradufu leo anamtegemea mtu mwingine alipe zaidi kesho.

Sebenza, au visu kumi vya katikati?

Chris Reeve alitoka Afrika Kusini akahamia Idaho, Marekani, mwaka 1989, na miaka michache baadaye Sebenza ikawa kisu cha kupimia vingine vyote. Jina ni Kizulu, lina maana ya kufanya kazi. Mpini ni wa titaniamu, na sehemu ya mpini wenyewe ndiyo inayopinda kuwa kufuli. Kinakuja na kispana chake, na mwenye kisu anatarajiwa kukifungua, kukisafisha na kukirudisha. Cha kawaida ni kati ya dola 450 na 550 kikiwa kipya.

Kinakata kuliko kisu cha dola 60? Kidogo, na si mara nane. Kwenye chungwa hutaona tofauti. Utaiona unapokifungua kwa kidole gumba na kengee ikatoka bila kukwaruza popote, ikasimama katikati kabisa, bila kutikisika, leo kama siku ya kwanza miaka minne iliyopita. Tena kinauzika: Sebenza iliyotunzwa na yenye boksi lake hupata mnunuzi haraka, na hasara inakuwa ndogo.

Visu vyangu 14 vya katikati vilikuwa vizuri, kimoja kimoja. Buck 110, kisu cha wawindaji kilichotoka miaka ya 1960, bado nakiheshimu kwa dola zake 70 hivi. Tatizo ni mkusanyiko wao: hiki cha rangi, hiki cha chuma kipya, hiki kwa kuwa kilikuwa na punguzo. Nilipoamua kuuza tisa, mnada wa mtandaoni ulikata zaidi ya asilimia 10, posta ikachukua yake, na mkononi nikapata dola 260. Kama una moyo wa kukaa na kisu kimoja kizuri, Sebenza ni nafuu kuliko visu hivyo. Kama unajijua kwamba utataka kingine mwezi ujao, usinunue Sebenza wala hivyo vya katikati; rudi kwenye Opinel.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Kinoo cha pande mbili, upande laini na upande wa kukwaruza, ni dola 30 hadi 50, na ni bora kuliko mashine yoyote ya kunolea ya dola 100. Mafuta ya cherehani yanatosha. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi, ngozi hunyonya unyevu na kemikali zake hula chuma. Mipini ya kale ya seluloidi (plastiki ya zamani) itenge kabisa: ikizeeka hutoa mvuke unaotia kutu hata visu vya jirani, na nimeona sanduku zima likiharibika kwa kisu kimoja chenye mpini wa kumetameta.

Pembe za ndovu usiguse, hata kama kisu ni cha Sheffield cha karne ya 19 na muuzaji anakuapia ni halali. Biashara ya kimataifa imepigwa marufuku tangu makubaliano ya 1989, kwa hiyo kukisafirisha au kukiuza kwa uwazi kuna vikwazo vingi. Zaidi ya hapo, sisi tunajua pembe zile zilipita wapi. Zilibebwa mabegani mwa watu kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na ndipo zikaenda Ulaya na Marekani kuwa mipini ya visu na vibonyezo vya piano. Kwangu mimi hakuna bei ya kitu hicho.

Ningekuwa naanza leo na dola 500, ningezigawa hivi. Dola 200 safu ya Opinel, INOX kwa zile za kutumia. Dola 40 Spartan. Dola 40 Okapi na Douk-Douk. Dola 90 Case moja ya mwaka wenye maana kwangu, iliyonunuliwa ana kwa ana. Dola 40 kinoo na chupa ya mafuta. Zinabaki 90, na hizo ningeziacha benki mwaka mzima, mpaka nijue mkono wangu unarudia kisu kipi kila asubuhi.